Mashine ya presha, tangi la mama mdogo na umeme wa saa kumi na mbili jioni

Niliahidi kwamba tungeendelea na hifadhidata, lakini hifadhidata itangoja kidogo. Leo nataka tuzungumze kuhusu mashine ya kuosha kwa presha, ile ambayo wengi wetu tunaijua kama mashine ya kuoshea magari. Najua kuna atakayeuliza hii inahusiana vipi na tarakilishi. Inahusiana sana. Kuna kinachoingia, kuna kinachotoka, katikati kuna sehemu chache zinazotegemeana, na ikigoma, mwenye nayo hukimbilia kulaumu ile sehemu ya bei ghali zaidi.

Halafu kuna hili. Ukisomea sayansi ya tarakilishi huku kwetu Gusii, siku ya mahafali unakabidhiwa vyeti viwili. Kimoja ni cha chuo. Kingine hakionekani, nacho kinakupa mamlaka ya kurekebisha kila kitu chenye waya: redio, pasi, kingamuzi cha runinga, simu ya mjomba iliyojaa picha za harusi. Ukijieleza kwamba wewe kazi yako ni kuandika programu, unaulizwa, "Si yote ni umeme?" Nimezoea, na kusema kweli siku hizi napenda. Mashine ya kushika kwa mikono haikuruhusu kudanganyika kwa muda mrefu.

Basi mwezi wa Aprili, mvua ikiwa imeshika na barabara zote za ndani zimegeuka uji, mama mdogo akanipigia simu kutoka kwake karibu na Kebirigo, kaunti ya Nyamira. Mwanawe (kwa mila yetu huyo ni ndugu yangu, neno binamu tulilikuta shuleni) alimaliza kidato cha nne, na mama akamkopea shilingi 16,000 kutoka kwenye chama ili anunue mashine ya presha ya nyumbani. Anaosha pikipiki za boda boda kando ya barabara, shilingi 50 kila moja. Wakati wa matope hiyo ni kazi kweli: siku nzuri anaosha kumi na tano, hata ishirini. Sasa mashine ilikuwa imegoma wiki mbili. Fundi alikuja, akasema mota imeungua, koili zifungwe upya kwa shilingi 6,500. Mtu mwingine alikuwa tayari kuinunua vile ilivyo kwa 4,000. Na chama kilikuwa kinakutana Jumapili.

"Wewe ulisomea kompyuta," akasema mama, "njoo uione kabla sijaiuza."

Nikamjibu, "Ee baba." (Kwa Ekegusii baba ni mama, na tata ni baba. Wageni mtatuzoea.)

Kabla sijapanda matatu nilimwomba anipe kijana kwenye simu. Nilimuuliza maswali mawili tu. Inagoma vipi hasa? Na inagoma saa ngapi? Swali la pili lilimshangaza kidogo, akafikiri, kisha akasema: "Asubuhi huwa inajaribu jaribu, presha inakuja na kupotea. Jioni inavuma tu, haizunguki."

Wenzangu mnaoandika programu, mnaelewa kwa nini nilitabasamu. Mota iliyoungua haijui saa. Ikiungua imeungua, asubuhi na jioni. Hitilafu inayobadilika kulingana na saa, mara nyingi haimo ndani ya mashine, imo ndani ya kitu ambacho mashine inalishwa. Na mashine hii inalishwa vitu viwili tu: maji na umeme.

Kabla sijaendelea, kwa wale ambao hawajawahi kuifungua, hebu tuone inavyofanya kazi. Mota huzungusha sahani iliyoinama, sahani ile husukuma pistoni ndogo (kwa kawaida tatu) mbele na nyuma. Kila pistoni ina vali ya kuingiza maji na vali ya kuyatoa. Maji hutoka kwa mpira mgumu hadi kwenye bunduki, kisha kwenye nozeli, tundu dogo sana. Na hapa ndipo watu wengi hukosea: pampu haitengenezi presha. Pampu inasukuma kiasi cha maji, basi. Presha inatokea kwa sababu kiasi kile kinalazimishwa kupita kwenye tundu dogo. Ukipunguza kiasi cha maji kinachoingia, presha itaanguka hata kama pampu ni mpya kutoka dukani. Ukipanua tundu, pia itaanguka.

Kibandiko cha mashine ya ndugu yangu kilisema wati 1,800, lita 7 kwa dakika, bar 110. Bar moja ni takriban uzito wa maji ya kimo cha mita 10. Kwa hiyo bar 110 ni kama kusimama chini ya nguzo ya maji ya mita 1,100. Mji wa Kisii uko kama mita 1,700 juu ya bahari na Ziwa Victoria liko karibu mita 1,134. Yaani ukichora bomba la maji kutoka Kisii hadi ziwani, halafu ulirefushe tena mara moja hivyo hivyo kwenda chini, ndiyo presha inayotoka kwenye kile kitundu. Nawaambia haya ili baadaye nikisema msielekeze bunduki kwa mtu, msidhani natania.

Vifaa hivi vilizaliwa mbali na huku. Kampuni ya Kärcher ya Ujerumani ilitoa mwaka 1950 mashine ya kwanza Ulaya ya kuosha kwa maji ya moto yenye presha, na mwaka 1984 ikatoa HD 555, ya kubebeka, iliyolenga watu wa kawaida majumbani. Tangu hapo kila kiwanda kimeiga umbo lile, na pamoja na umbo wameiga kitu kingine ambacho hakiandikwi: matarajio kuhusu nyumba. Kitabu cha maelekezo kinadhani una mfereji wenye presha ya bar mbili tatu, maji safi, na umeme usiotikisika. Ile jedwali ya matatizo kule nyuma ya kitabu, "presha iko chini, safisha nozeli", imeandikwa kwa ajili ya mtu huyo. Mama mdogo ana tangi la plastiki lililo juu ya mawe, maji ya mvua kutoka kwenye mabati, na waya mrefu wa umeme unaopita kwa majirani wengi kabla ya kumfikia. Ni kama kuchukua programu iliyoandikwa kwa seva ya Ulaya ukaiendesha kwenye simu ya kubonyeza. Programu haina kosa. Mazingira ndiyo tofauti.

Nilifika Ijumaa, kama saa nne asubuhi. (Kazi yangu ni ya mtandaoni, na mkuu wangu haulizi niko kilima gani mradi kazi imefika.) Nilimkataza kila mtu kushika bisibisi. Njia yangu ni ile ile ninayotumia kwenye msimbo wa mistari elfu kumi: gawa katikati, uulize tatizo liko upande gani, utupe nusu isiyohusika, ugawe tena. Kwa mashine ya presha sehemu ya kugawia ni pale mpira wa maji unapoingia. Ukitoa mpira ule kwenye mashine, una maswali mawili ambayo hayachanganyiki tena: maji yanafika au hayafiki? Yakifika, mashine inayafanya nini?

Kwa hiyo tukachukua mtungi wa lita 20, tukaweka mwisho wa mpira ndani yake, nikaanzisha saa ya simu. Mtungi ulijaa kwa dakika 5 na sekunde 10. Piga hesabu: ni chini ya lita 4 kwa dakika. Mashine inataka 7! Hakuna fundi duniani, hata angefunga koili za dhahabu, ambaye angeifanya mashine ile itoe lita 7 ikipewa 4. Pampu yenye njaa ya maji huvuta mapovu, presha inapanda na kushuka kama mtu anayekohoa, na ukisogeza sikio unasikia kama kokoto zinasagwa ndani. Sauti ile si ya kupuuza. Ni mapovu yanayopasuka, na yanakula vali na sili.

Maji yalikuwa yanapotelea wapi? Kwanza, usawa wa maji tangini ulikuwa kama mita moja na nusu tu juu ya mashine. Hiyo ni bar 0.15. Ukiwa na presha ndogo namna hiyo, kila kizuizi kinahesabika. Pili, mpira wenyewe: mita 25, wa nusu inchi, umezungukazunguka nyasini na umejikunja mahali pawili. Mtu huona mpira wa nusu inchi na wa robo tatu akadhani tofauti ni ndogo, kwa vile kwa macho ni ndogo kweli. Lakini kwa kiasi kile kile cha maji, msuguano ndani ya mpira hupungua takriban kwa kipeo cha tano cha upana. Robo tatu ni mara moja na nusu ya nusu inchi, 1.5 ukiizidisha kwa nafsi yake namna hiyo unapata zaidi ya 7. Yaani mpira mpana kidogo tu, msuguano unashuka zaidi ya mara saba. Na ukiufupisha, unapata nafuu nyingine juu ya hiyo.

Tatu, chujio. Pale maji yanapoingia kwenye mashine kuna kichujio kidogo cha wavu, wengi hata hawajui kipo. Nilikivuta kwa koleo. Kilikuwa kimevaa koti: udongo wetu mwekundu, ukungu wa kijani, na vipande vya majani ya mikaratusi. Mnaijua hali ya huku, hakuna boma lisilo na mikaratusi, na hakuna paa lisilo na majani yake. Ukiosha kichujio, kioshe kutoka nyuma kwenda mbele, kinyume na njia ya maji, la sivyo unasukuma uchafu ndani zaidi. Usikitupe kwa hasira ili maji yapite vizuri! Nimeona watu wakifanya hivyo. Mchanga ukiingia kwenye pistoni, hapo sasa utakuwa na tatizo la kweli la shilingi 6,500.

Tulichofanya: tukahamisha mashine ikawa mita 8 kutoka tangini badala ya 25, tukanunua mpira wa robo tatu, na kijana akaongeza mawe mawili ya ngazi chini ya tangi siku lilipokuwa karibu tupu (tangi lililojaa usilisogeze, lita 1,000 ni tani nzima). Kitambaa cha kuchuja tulikifunga juu, pale maji ya paa yanapoingia tangini, si kwenye mpira wa mashine, maana huko kingekuwa kizuizi kingine. Mtungi wa lita 20 sasa unajaa kwa dakika 2. Lita 10 kwa dakika. Gharama yote ilikuwa bei ya mpira.

Kitu kimoja zaidi kuhusu maji, nacho ndicho ninachokipenda kuliko vyote kwa sababu kinafanana sana na hitilafu za programu zisizoandika chochote kwenye kumbukumbu. Kiungo cha mpira kikilegea upande wa presha, utaona maji yanaruka. Lakini upande wa kuingilia, pampu ikiwa inavuta kuliko maji yanavyokuja, kiungo kilicholegea hakitoi hata tone. Kinavuta hewa kuingia ndani. Unakikagua, kikavu kabisa, unasema hiki ni kizima. Kumbe ndicho mwizi. Paka povu la sabuni kwenye kiungo mashine ikiwa inafanya kazi. Povu likinyonywa, umempata. Kaza klipu au badilisha raba ya ndani.

Wanaovuta maji kutoka kwenye pipa lililo chini, mjue kwamba sisi wa milimani tumepunjwa na fizikia. Kinachoinua maji kwenye mpira wa kuvutia ni uzito wa hewa ya nje. Pwani, hewa inaweza kuyainua kinadharia karibu mita 10. Kwa kimo cha Kisii ni kama mita 8 na kidogo. Hizo ni hesabu za pampu kamilifu. Mashine za nyumbani zinazoruhusu kuvuta kutoka pipani nyingi zinaweka kikomo cha nusu mita hivi, na nyingine haziruhusu kabisa. Inua pipa. Jaza mpira maji kabla ya kuwasha.

Haya, tuje kwenye umeme.

Baada ya kurekebisha maji, mashine ilifanya kazi vizuri mchana kutwa. Mama akaanza kumsema vibaya fundi. Nikamwomba asubiri jioni, kwa sababu nusu ya malalamiko ilikuwa bado haijajibiwa: "jioni inavuma tu."

Nilikuwa na multimita, ile ya bei nafuu ya rangi ya manjano ambayo kila fundi anayo. Saa nne asubuhi soketi ilionyesha volti 231. Umeme wetu Kenya unatarajiwa uwe 240. Saa saba mchana, 224. Saa kumi na mbili na nusu jioni, balbu zikiwa na rangi ya mshumaa: 188. Mwisho wa ekstensheni, wakati mashine inajaribu kuanza: 168.

Mota za aina hii (si zile za kaboni, ni zile nzito zenye kapasita) zina tabia moja mbaya. Nguvu yake ya kuanza kuzunguka haishuki sawasawa na volti. Inashuka kwa mraba wake. 168 ni asilimia 70 ya 240. Mraba wa 0.7 ni 0.49. Kwa hiyo mota ilikuwa na chini ya nusu ya nguvu yake ya kuanzia, huku pampu ikiwa na maji yaliyobanwa ndani. Haiwezi kuzunguka. Inakaa inavuma, inavuta umeme mwingi mara kadhaa ya kawaida, inapata moto, swichi ya joto inakata. Ukiigusa, inachoma mkono.

Ndiyo maana simlaumu fundi. Alikuja jioni baada ya kazi zake nyingine, akawasha, ikavuma, akaigusa, moto. Kwa kile alichokiona, jibu lake lilikuwa na mantiki. Angekuja saa mbili asubuhi angesema pampu.

Lakini volti 20 kati ya zile zilizopotea hazikuwa za mtu mwingine yeyote. Zilikuwa zetu, zilipotelea kwenye ekstensheni. Ilikuwa ya mita 20, waya mwembamba wa milimita 0.75 za mraba, ule unaofaa taa na redio. Tulitoa soketi karibu zaidi kwa waya wa milimita 2.5 za mraba. Na kama huna budi kutumia ekstensheni ya kuzungusha, ikunjue yote. Iliyokunjwa inajipasha moto yenyewe, nimewahi kuona moja iliyoyeyuka ikashikana kama sukari guru.

Zile nyingine hatuna uwezo nazo. Nilimwomba kijana anitumie kipimo mara tatu kwa siku kwa wiki mbili, nami nikawa naviweka kwenye jedwali (ndiyo, nilichora na grafu, acheni kunicheka). Saa kumi na mbili asubuhi, 236 hadi 239. Mchana, ishirini na kitu juu ya mia mbili. Jioni, 184 hadi 192, kila siku... isipokuwa Jumamosi. Jumamosi zote mbili jioni ilikuwa 214, 216. Nilikaa na zile namba siku nzima kabla sijacheka peke yangu. Mashine ya kusaga unga iliyo kwenye transfoma moja na wao ni ya mzee Msabato! Siku ya Sabato haisagi. Siku nyingine jioni ndipo watu wanapeleka mahindi ya obokima, na mota yake kubwa inakula volti za kilima chote.

Mtu atasema nunua kidhibiti volti. Nimefikiria. Kinachoweza kubeba wati 1,800 na ule mvuto wa kuanza kitagharimu sehemu kubwa ya bei ya mashine, na bado umeme ukishuka sana chenyewe kinakata. Kwangu mimi si hesabu nzuri kwa mtu anayeosha pikipiki kwa 50. Tulichobadilisha ni ratiba. Sasa anafungua saa kumi na moja na nusu asubuhi, boda boda wakijitayarisha kubeba walimu na wanafunzi, na anayekuja kabla ya saa mbili analipa 40. Wa jioni wanaoshwa kwa ndoo na sponji, au wanarudi Jumamosi jua likizama. Amepoteza wateja wachache wa jioni, huo ndio ukweli, ila waliobaki wanatosha.

Pia alijifunza kubana kifyatuo cha bunduki wakati wa kuwasha, ili maji yaliyobanwa yatoke na mota ianze bila mzigo. Na aache kuachia na kubana kila sekunde tatu. Mashine hizi hujizima ukiachia kifyatuo na kuwaka ukikibana. Kila kuwaka ni mvuto mkubwa mpya wa umeme. Kuosha pikipiki moja kwa kubana mara hamsini ni kuwasha mota mara hamsini.

Kulikuwa na hitilafu ya tatu, ndogo, iliyokuwa inawatisha watoto: mashine ilikuwa inawaka yenyewe kwa sekunde moja, inazima, baada ya nusu dakika tena, hakuna aliyeigusa. Wakasema ina mashetani. Hii ni rahisi. Bunduki ikifungwa, presha inabaki ndani ya mpira mgumu na ndiyo inayoiambia swichi ibaki imezima. Presha ikivuja taratibu mahali, swichi inadhani umebana kifyatuo. Tafuta unyevu kwenye kiungo cha bunduki na mpira; mara nyingi ni pete ya raba iliyokauka. Tulinunua ya shilingi 20 pale Daraja Mbili mjini Kisii, tukaipaka grisi kidogo, mashetani yakahama. Kama viungo vyote ni vikavu, basi ni vali ya ndani, hapo ita fundi.

Mengine kwa haraka. Maji yanatoka kwa upande mmoja au kama uzi: nozeli imeziba, ichomoe na uipenyeze waya mwembamba. Sabuni haivutwi: kwenye mashine nyingi sabuni huvutwa tu ukiweka nozeli pana ya presha ndogo, si kosa. Mota haitoi hata sauti: anza na fyuzi ya plagi na breka, halafu ngoja nusu saa swichi ya joto ipoe. Inavuma asubuhi pia, volti ikiwa nzuri na kifyatuo kimebanwa: sasa ndipo umshuku kapasita, ambaye bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na koili. Kapasita hushika chaji hata plagi ikiwa imetolewa, kwa hiyo aiguse anayejua.

Na hapa niwe mkali kidogo. Toa plagi, kisha bana kifyatuo hadi maji yaishe, ndipo ushike kitu chochote. Soketi iwe juu, si kwenye matope, na iwe na ile breka inayokata mara moja umeme unapovuja kwenda ardhini. Mtu aliyesimama kwenye maji amevaa ndala hapati nafasi ya pili. Vaa gambuti. Ule mkondo wa maji ukimpiga mtu kwa karibu unaweza kupenya ngozi na kuingia ndani ya nyama. Kidonda kinaonekana kidogo kama cha sindano, hakitoi damu nyingi, watu hupaka dawa wakalala. Ndani uharibifu unaendelea, na kidole kinaweza kukatwa. Ni hospitali siku hiyo hiyo, na mwambie daktari ni maji ya presha. Watoto waliokuwa wanacheza kuoshana miguu kwa bunduki ile niliwafukuza kwa sauti ambayo hata mama alishtuka.

Mama hakuuza. Jumapili alikwenda chamani na shilingi 1,500 za mwezi huo, nyingine alinikopa mimi, na mwezi uliofuata zote zilitoka kwenye mashine.

Wiki hii kijana amenitumia picha. Tone la mafuta chini ya pampu, na alipofungua kifuniko akakuta mafuta yamegeuka rangi ya chai ya maziwa. Hayo ni maji yaliyopita kwenye sili za pistoni na kuchanganyika na mafuta, huenda zililika siku zile za mapovu. Nimemwambia aache kuitumia, amwage mafuta yote, asiongeze mapya kwanza. Sili zenyewe ni tatu, na saizi yake sijaipata Daraja Mbili. Nimepima ya zamani, ninaibeba mfukoni, na Jumatatu nina safari ya Kisumu.